Kulihuisha Jiko Kuukuu: Fedha Ianzie kwenye Hewa, Mwanga na Maji

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Nairobi zilizojengwa kati ya miaka ya 1950 na 1980, jiko ndicho chumba kilichoachwa nyuma kuliko vyote, kwa kuwa sebule hupakwa rangi kila sikukuu inapokaribia na vyumba vya kulala hubadilishiwa mapazia, ilhali chumba cha kupikia hubaki na masizi yake, koki yake inayovuja na dirisha lake lililoganda mafuta, hadi mwenye nyumba anapochoka na kuamua kwamba kila kitu kivunjwe. Uamuzi huo wa kuvunja ndio unaoufanya ukarabati kuwa ghali, na mara nyingi si wa lazima. Hoja ya makala haya ni kwamba fedha kidogo hutosha kulihuisha jiko la namna hiyo endapo itatumika kwanza kwa mambo matatu ambayo hayaonekani katika picha za matangazo, yaani hewa, mwanga na maji, kisha kwa meza ya kufanyia kazi, na kwamba rangi na makabati, ambayo ndiyo hutangulizwa na wengi, yanastahili kuja nyuma ya hayo.

Majiko yenyewe hayafanani. Katika nyumba ya Kiswahili, ile nyumba ya chini yenye korido katikati na vyumba vilivyopangwa pande zake mbili, jiko hukaa uani pamoja na bafu na choo, likiwa chumba kidogo cha bati au banda lililo wazi upande mmoja, na kasoro yake kwa kawaida ni giza, sakafu iliyochimbika na maji yanayochotwa mbali. Katika fleti, mfano zile za Shirika la Nyumba la Taifa la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1962, jiko limo ndani, lina sinki na koki yake, lakini ni finyu na aghalabu lina dirisha moja tu, kiasi kwamba mkaa unapowashwa humo moshi huishia sebuleni. Kwa sababu hiyo, orodha ya mahitaji iliyonakiliwa kutoka kwa jirani haisaidii kitu iwapo jirani huyo anapikia uani na mwenye kuinakili anakaa ghorofa ya tatu.

Ufinyu wenyewe si kilema kama unavyodhaniwa. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni kwa ajili ya nyumba za bei nafuu za mji wa Frankfurt, Ujerumani, jiko lenye upana wa takribani mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, ambalo lilijengwa katika nyumba zipatazo 10,000 na ambalo wanahistoria wa usanifu hulihesabu kuwa chimbuko la majiko ya kisasa yenye makabati yaliyoshikana na ukuta. Schütte-Lihotzky aliyachunguza mapishi kama kazi ya karakana: alizingatia hatua ambazo mpishi hutembea, mahali mkono unapofika bila kunyooshwa, na upande ambao mwanga hutokea. Mkuu wa mradi huo, Ernst May, ana uhusiano wa moja kwa moja na Afrika Mashariki, kwa maana alihamia Tanganyika mwaka 1934 na kujishughulisha na kilimo, kisha akafanya kazi ya usanifu jijini Nairobi na kuandaa mpango wa kuupanua mji wa Kampala katika miaka ya 1940, kabla ya kurejea Ujerumani. Hata hivyo, jiko la Frankfurt halifai kuigwa lote, kwani lilipangwa kwa ajili ya mtu mmoja anayepika peke yake, jambo ambalo lilikosolewa huko huko Ulaya kwa kumtenga mwanamke na familia yake, na ambalo halilingani kabisa na jiko ambamo mmoja anakuna nazi, mwingine anachambua mchele na wa tatu anakaanga vitunguu.

Kanuni iliyozaliwa na utafiti wa namna hiyo, na ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliieneza katika miaka ya 1940, huitwa pembetatu ya kazi. Maana yake ni mistari mitatu inayounganisha mahali pa kuhifadhi chakula, mahali pa kuoshea na mahali pa moto, ambapo kila mstari hupendekezwa uwe na urefu wa kati ya mita 1.2 na 2.7. Faida yake kwa mwenye fedha kidogo ni kwamba humwonyesha kitu gani kihamishwe na kipi kiachwe mahali pake. Sinki lisihamishwe isipokuwa kwa dharura, kwa kuwa bomba la maji machafu huhitaji mteremko, ambao mafundi wengi huukadiria kuwa sentimita 2.5 kwa kila mita, na kulihamisha kunamaanisha kuchimba sakafu na pengine kumsumbua jirani wa chini. Jiko la gesi, meza na friji husogezwa bure. Katika majiko mengi yaliyolalamikiwa kuwa ni madogo, friji lililozuia mlango au gunia la mkaa lililokaa chini ya dirisha ndilo lililokula nafasi, na siku moja ya kuvipanga vitu upya huleta nafuu kubwa kuliko kabati jipya.

Baada ya kupanga hufuata kuosha, na hatua hii inastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu ndiyo inayorukwa na mafundi wenye haraka. Masizi ni chembe za kaboni zilizoshikana na lami nyepesi itokanayo na kuni au mkaa usioungua kikamilifu, na katika jiko la miaka mingi chembe hizo huwa zimechanganyika na mvuke wa mafuta ya kukaangia hadi zikawa ngozi ngumu ukutani. Rangi ya maji, yaani ile inayochanganywa na kuoshwa kwa maji, ikipakwa juu ya ngozi hiyo haishiki, na hata ikishika, madoa ya manjano hupenya na kujitokeza baada ya muda mfupi, ndipo mwenye nyumba hulaumu kiwanda cha rangi. Njia sahihi ni kupangusa kwanza kwa brashi kavu kutoka dari kwenda chini, kisha kuosha kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, kwa kuwa magadi ni aina ya soda ambayo huyageuza mafuta kuwa kama sabuni na kuyafanya yakubali kuoshwa, na hatimaye kusuuza kwa maji safi zaidi ya mara moja na kuuacha ukuta ukauke barabara. Glovu ni za lazima, kwani soda hiyo huunguza ngozi. Mahali penye kuvu pataoshwa kwa dawa ya klorini ya kufulia, ila dawa hiyo kamwe isichanganywe na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Madoa yatakayobaki hufungiwa kwa rangi ya awali ya mafuta, ambayo mafundi huiita praima, kabla ya rangi ya mwisho kuwekwa.

Tahadhari moja haina budi kutolewa hapa. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na kuzipiga msasa zikiwa kavu hueneza vumbi lake nyumba nzima. Milango na fremu za zamani zilizobambuka zilowanishwe kwanza, zipigwe msasa wa maji, na mabaki yake yakusanywe na kutupwa mbali na watoto, ambao wasiwepo kabisa wakati wa kazi hiyo.

Kuhusu hewa, uzito wa jambo unavuka mipaka ya urembo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani, ambao chanzo chake kikuu ni kupikia kwa kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka 5. Serikali ya Tanzania kwa upande wake ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Hata hivyo, mkaa haujaondoka, na jiko lililoboreshwa la udongo wa kuchomwa lenye ganda la bati, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza mkaa unaotumika lakini haliondoi gesi yenye sumu ya kaboni monoksaidi, ile isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliolala katika chumba kilichofungwa. Kwa hiyo fedha ya kwanza katika jiko lolote linalotumia mkaa iende kwenye matundu.

Hewa ya moto hupanda, na hivyo huhitaji pa kutokea karibu na dari, wakati hewa safi huhitaji pa kuingilia karibu na sakafu, upande wa pili wa chumba ikiwezekana. Safu moja ya matofali ya matundu chini ya dari na nyingine chini karibu na mlango hufanya kazi hiyo bila umeme na bila gharama ya kila mwezi. Nyumba nyingi za pwani zilikuwa na madirisha ya luva, yaani vipande vya vioo vilivyolala mmoja juu ya mwingine na kufunguka kwa mkono wa chuma, na ni jambo la kusikitisha kwamba yanang'olewa kwa wingi kupisha madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo hata yakifunguliwa kabisa huruhusu hewa katika nusu tu ya nafasi, ilhali luva hufungua karibu yote. Luva iliyokwama huhitaji mafuta kidogo, mikono mipya na vioo viwili vitatu vilivyokatwa dukani. Wavu wa mbu nao uvuliwe na kuoshwa, kwa sababu wavu ulioganda mafuta na vumbi ni sawa na ukuta.

Anayehamia kwenye gesi hasamehewi kanuni hiyo, bali anaongezewa nyingine. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni badala ya kupanda, na tundu la chini ndilo linaloitoa nje. Mtungi usimame wima, mbali na moto, usiwekwe ndani ya kabati lisilo na tundu, na mpira wake ubadilishwe kabla tarehe iliyochapwa juu yake haijapita, huku maungio yakikaguliwa kwa povu la sabuni na kamwe si kwa kiberiti.

Mwanga hautaki maelezo marefu. Taa moja katikati ya dari humtupia mpishi kivuli chake mwenyewe juu ya kitunguu anachokikata, na dawa yake ni taa ya pili, nyembamba, juu ya meza ya kazi au chini ya rafu. Balbu ya LED ya wati 8 hadi 10 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Waya zilizokuwepo zikaguliwe na fundi umeme, hasa ikiwa birika, friji na jiko la umeme vyote vinategemea soketi moja na kiunganishi.

Upande wa maji, kasoro nyingi ni ndogo kuliko zinavyoonekana. Koki inayodondosha maji mara nyingi imekwisha mpira wake mdogo wa ndani, ambao hubadilishwa kwa dakika chache baada ya kufunga maji ya nyumba. Harufu mbaya inayotoka kwenye sinki hutokana na kukosekana, au kukauka, kwa mkunjo wa bomba chini yake, ule wenye umbo la herufi U, ambao kazi yake ni kubaki na maji kidogo yanayozuia hewa chafu na mende wasipande kutoka mtaroni. Mahali sinki linapokutana na ukuta, gundi ya silikoni nyeusi ikwanguliwe yote na kuwekwa mpya, kwani maji yanayopenya hapo ndiyo yanayoozesha kabati la chini. Kwa kuwa katika miji mingi maji ya bomba hutoka kwa mgao, jiko lisilotengewa mahali pa jaba na ndoo litarudi kwenye vurugu wiki moja baada ya ukarabati. Jaba linaweza kukaa baraza ya nyuma, likiwa limeinuliwa juu ya matofali na kufungwa koki chini, ili anayeosha vyombo asilazimike kuinama na kuchota.

Meza ya kazi, ambayo katika fleti huitwa kaunta, ndiyo sehemu inayoamua kama mgongo wa mpishi utauma. Urefu unaopendekezwa ni sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko cha anayepika mara nyingi zaidi, na upimwe kwake yeye badala ya kuachiwa mazoea ya fundi. Iliyo fupi huinuliwa kwa ubao mnene wa kukatia wenye miguu, jambo ambalo seremala yeyote analiweza. Pasipokuwa na meza kabisa, zege lenye unene wa sentimita 5 hadi 7, lililotiwa nondo nyembamba na kulazwa juu ya kuta mbili fupi za matofali, hudumu miaka mingi na hugharimu sehemu ndogo ya bei ya jiwe la granaiti, mradi limwagiliwe maji kwa siku zisizopungua 7 ili likomae bila kupasuka. Sehemu ya juu hulainishwa kwa saruji tupu au huwekwa terazo, yaani mchanganyiko wa saruji na vipande vya marumaru unaosuguliwa kwa mashine mpaka ung'ae.

Terazo hiyo tayari ipo katika sakafu na kaunta za nyumba nyingi za zamani, ikiwa imefichwa na nta, uchafu na mikeka ya plastiki, na kuifunika kwa vigae vipya ni kutumia fedha kuharibu kitu bora. Fundi mwenye mashine ya kusugulia huirudisha katika hali yake kwa siku moja au mbili. Mwenye nyumba ajue tu kwamba marumaru na saruji huliwa na asidi, na kwa hiyo maji ya ndimu, ukwaju na siki yakimwagika yafutwe papo hapo; granaiti halisi haina udhaifu huo.

Picha za majiko ya kisasa husahau kazi zinazofanywa kwa kuketi. Mbuzi ya kukunia nazi huhitaji nafasi ya kunyoosha miguu na sinia mbele yake. Kinu huhitaji sakafu imara ya zege, kwani pigo la mchi hupasua kigae. Ungo huhitaji mahali penye upepo. Jiko lililojazwa makabati ukutani hadi ukutani humlazimisha mpishi kuyapeleka mambo hayo korido au ngazini, na baada ya muda jiko zuri hugeuka kuwa chumba cha kuonyeshea wageni. Nafasi tupu ya mita moja na nusu kwa mita moja, yenye kigoda na ndoano ya kutundikia mbuzi ukutani, ni samani kamili, na haigharimu chochote.

Makabati ya zamani yachunguzwe kabla ya kuhukumiwa. Milango iliyotengenezwa kwa mninga au mvule, miti inayostahimili mchwa na unyevu, ina thamani kubwa kuliko mingi inayouzwa leo, na kinachohitajika ni kuisafisha, kuipiga msasa, kuipaka vanishi na kubadilisha bawaba na vishikio. MDF, yaani ubao uliotengenezwa kwa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, huwa na sura nzuri dukani lakini huvimba ukilowa, na kuuweka chini ya sinki ni kosa ambalo ukarabati wa fedha kidogo hauwezi kulimudu. Chini ya kaunta ya zege, pazia la kitenge lililofungwa kwenye waya linatosha, tena hupitisha hewa na kufuliwa.

Vigae na rangi ndivyo humeza bajeti, na hesabu ndogo huonyesha namna ya kujizuia. Jiko lenye mita 3 kwa 2.4 na kimo cha mita 2.7 lina kuta za mita za mraba zipatazo 26 baada ya kutoa mlango na dirisha. Kuziwekea vigae zote ni kazi ya mafundi na mifuko ya saruji, ilhali eneo linalorukiwa na maji na mafuta, juu ya kaunta ya mita 3 kwa kimo cha sentimita 60, ni mita za mraba 1.8 tu, yaani mita 2 za kununua baada ya kuhesabu vitakavyokatika. Zinazobaki, mita 24 na ushei, hupakwa rangi ya mafuta inayoosheka. Kwa kuwa lita moja hufunika takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, mikono miwili huhitaji lita 5, na hakuna sababu ya kununua ndoo ya lita 20 kwa kushawishiwa na punguzo la bei. Vigae vya zamani visivyopasuka vibaki, mistari yake myeusi ikwanguliwe na kujazwa saruji nyeupe. Katika jiko la uani, chokaa inafaa kuliko rangi ya dukani, kwa sababu huacha ukuta upumue na ukali wake wa alkali huzuia kuvu, ingawa hurudiwa kila mwaka. Rangi yenyewe iwe nyeupe au ya kufifia, hasa darini, ili mwanga usimezwe.

Utaratibu wa kazi ni umeme na mabomba kwanza, kisha matundu na lipu, kisha kaunta na vigae, na rangi baada ya vyote kukauka, kwani kila anayeugeuza utaratibu huo hulipa fundi mara mbili. Ukarabati unaweza kugawanywa kwa miezi kulingana na mshahara bila hasara, ilimradi kila hatua iishe na jiko liweze kutumika jioni.

Mpangaji yumo katika hali tofauti, maana kila anachokijenga ukutani ni mali ya mwenye nyumba. Bomba, waya, dirisha na zege ni wajibu wa mwenye nyumba, na mpangaji akikubali kuvigharimia, makubaliano yaandikwe mapema, yakieleza kiasi kitakachokatwa katika kodi na yakiambatanishwa na risiti za vifaa na malipo ya fundi. Fedha yake mwenyewe aielekeze kwenye vitu vinavyofunguka kwa skrubu na kuingia kwenye gari la mizigo siku ya kuhama: meza ya mbao yenye kimo kinacholingana na kiwiko chake, rafu ya chuma, taa ya kuning'iniza, jaba lenye koki, na jiko la gesi lenye mtungi wake.